Jinsi ya kuijaribu Mark X kabla ya kuinunua, na maswali ya kuwauliza wenye nazo

Itaje Mark X kijiweni uone utakavyopewa majibu ya kila aina. Huyu atasema inamaliza mafuta, yule atasema hajawahi kukaa kwenye gari tulivu kama hilo, mwingine atakukataza kabisa kwa sababu binamu yake aliiuza ya kwake kabla hata haijamaliza mwaka. Wote wanaweza kuwa wakweli, ila kila mmoja anazungumzia gari lake. Mark X ya 2005 iliyokatwa springi na kutolewa masega ya ekzosi (kile kichuja moshi) si sawa na ya 2013 iliyokaa na mzee mmoja tu anayebadilisha oili kwa wakati. Mimi nimeanza na toleo la kwanza, sasa nina la pili, na safari zangu nyingi ndefu ni za Dar es Salaam kwenda Iringa anakokaa mama. Ndugu na marafiki wanaotaka kununua hunipitia twende tukalijaribu gari pamoja. Naipenda Mark X kwa dhati, na ndiyo maana sitaki mtu anunue mbovu halafu alilaumu jina zima.

Jua kwanza ni ipi

Toyota ilianza kuiuza Mark X Japani Novemba 2004, ikichukua nafasi ya Mark II, na uzalishaji ukafungwa Desemba 2019. Katikati yake yapo matoleo mawili makubwa. La kwanza ni lile la taa za mbele zenye macho matatu, la pili lilianza Oktoba 2009. Zote zina injini ya V6, yaani ya silinda sita, kwa hiyo dalali akikuambia "hii ni V6" hajakuambia kitu. Soma namba ya chasisi. GRX120 ni toleo la kwanza lenye cc 2500, GRX121 ni cc 3000, GRX125 ni cc 2500 inayovuta magurudumu manne. Kwenye toleo la pili, GRX130 ni cc 2500, GRX133 ni cc 3500, na GRX135 ni 2500 ya magurudumu manne.

Tofauti hizi utazihisi mguuni na mfukoni. Cc 2500 ya toleo la kwanza ina nguvu ya farasi 215 na iliundwa itumie petroli ya oktani ya juu ya Japani. Ya toleo la pili waliirekebisha itumie petroli ya kawaida, nguvu ikashuka hadi 203. Kwenye karatasi inaonekana imerudi nyuma, lakini kwa mafuta tunayoyapata sisi barabarani, hasa ukishavuka Mikumi, mimi nachagua hiyo ya 203 bila kusita. Cc 3500 ina farasi 318, na hiyo ni habari nyingine kabisa: ni gari la mtu anayejua kwa nini analitaka na aliyejiandaa kwa matairi, breki na mafuta yake.

Ushuru usiukadirie kwa maneno ya watu. Injini zote hizi zimezidi cc 2000, na gari lenye zaidi ya miaka 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu, kwa hiyo ingiza mwaka na modeli kwenye kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kabla hujaanza kuangalia picha za Japani. Kwa ndugu zetu wa Kenya, ambako gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa, toleo la kwanza linapatikana kwa mkono wa pili tu, na toleo la pili nalo linaelekea huko huko. Kwa hiyo kujua kulijaribu gari lililokwisha kutumika hapa hapa nyumbani kunawahusu zaidi.

Namna ya kuwahoji wenye magari

Mahali pazuri pa kuwapata ni sehemu za kuoshea magari, Jumamosi asubuhi. Mtu amekaa, hana haraka, na gari lake liko mbele yake. Msalimie vizuri, lisifie gari kama kweli linastahili, halafu uliza. Tatizo ni kwamba wengi tunauliza maswali yanayomlazimisha mtu kulitetea gari lake. "Inakula mafuta?" ni swali la namna hiyo. Pale Sinza nilikutana na kaka mmoja mwenye toleo la pili jeusi, safi sana, na mazungumzo yetu yalikwenda hivi:

"Kaka, mafuta vipi?"

"Aa, kawaida tu dada. Watu wanaisingizia."

"Mara ya mwisho uliweka lita ngapi?"

"Ishirini. Jumapili jioni."

"Zikakupeleka wapi?"

"Mbezi na Posta, Posta na Mbezi. Jumatano jioni taa ikawaka."

Hapo ndipo nilipopata jibu. Mbezi hadi Posta kwenda na kurudi ni kama kilomita 45, kwa siku tatu ni 135, ukigawa kwa 20 unapata chini kidogo ya kilomita 7 kwa lita. Hiyo ndiyo hali halisi ya cc 2500 kwenye foleni ya Morogoro Road, na hakuna aliyesingiziwa. Gari hilo hilo likitoka Dar kwenda Iringa kwa mwendo wa utulivu linakupa 11, na likiendeshwa vizuri linapita hapo. Safari ya kilomita 500 hivi inakula kama lita 45, na tangi lake linabeba takriban 70. Kwa hiyo anayelilalamikia na anayelisifia huenda mmoja anaishi kwenye foleni na mwingine ni mtu wa safari. Usiandike jibu la mtu kabla hujajua njia yake ya kila siku.

Swali la pili ninalolipenda: "Mwaka huu umebadilisha nini?" Usiulize kama gari lina shida, maana jibu ni halina. Ukiuliza kilichobadilishwa, mtu anafurahi kukueleza gharama alizozibeba. Ukisikia bushi za mbele, pampu ya maji, koili na plagi, hayo ni ya kawaida kwa gari la umri huu, na aliyeyafanya ni mmiliki mzuri. Ukisikia "sijagusa kitu tangu ninunue" na ameinunua zamani, ujue hayo yote yanamsubiri atakayefuata.

La tatu, muulize anaongeza oili kiasi gani kati ya sevisi moja na nyingine. Watu hawafichi hili kwa sababu hawaoni kama ni siri. Injini ya cc 2500 inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa kuziosha, na masizi hujijenga pale taratibu. Ni jambo linalojulikana kwa injini za aina hii, hata kwa ndugu yake iliyofungwa kwenye Lexus IS 250. Dalili zake ni kutetemeka gari likiwa limesimama na injini inanguruma, kukosa pumzi, na wakati mwingine kula oili. Cc 3500 ina noseli (vipuliza petroli) za aina mbili, moja ndani ya silinda na nyingine nje kwenye njia ya hewa, kwa hiyo vali zake huoshwa. Mmiliki anayekuambia "naongezea kidogo kila mwezi" amekupa taarifa kubwa kuliko zote.

Ukiweza, zungumza pia na anayekaa siti ya nyuma. Dereva wa Mark X ana furaha yake mbele, sauti ya injini na usukani vinamtosha. Mke, watoto au mama mkwe ndio watakaokuambia kama gari linarusha kwenye matuta, kama esi inafika nyuma, na kama mtu mrefu anagusa dari.

Likute likiwa baridi

Hili silipunguzi hata kidogo. Nampigia muuzaji jioni, namwomba asiliwashe asubuhi mpaka nifike. Nikifika naweka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu hazijaisha. Likiwa la moto naambiwa, "Nimelipasha kidogo dada, lisikusumbue." Namshukuru, napanga kurudi kesho. Injini ya moto huficha mambo mawili ninayoyatafuta: mlio wa mkwaruzo wa sekunde moja au mbili upande wa mbele linapowaka, unaotokana na gia za cheni ambazo oili haijazifikia, na moshi wa kwanza. Tikitiki ndogo za noseli na pampu ya mafuta ni za kawaida, zisikutishe. Mkwaruzo wa chuma ni jambo jingine.

Kabla ya kuwasha, kama gari ni la kitufe, bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki. Dashibodi yote itawaka bila injini. Hesabu taa: ya injini, ya ABS (breki zisizojifunga), ya VSC (kinga ya kuteleza), ya mifuko ya hewa. Zote lazima ziwake sasa, kisha zizime injini ikishawaka. Taa isiyowaka kabisa katika hatua hii inanitia wasiwasi kuliko inayobaki inawaka, kwa sababu ina maana kuna mtu ameizima ili usione. Nimeshaiona kwenye gari lililong'arishwa vizuri mno: taa ya mifuko ya hewa haikutokea kabisa, na tulipofungua kifuniko cha katikati ya usukani, ndani palikuwa patupu.

Fungua boneti utazame sehemu ya mbele ya injini, pale ilipo pampu ya maji. Ukiona utando mkavu wa rangi ya waridi, kama chumvi, pampu imeanza kuvuja. Si mwisho wa dunia, lakini ni pesa ya kupunguza kwenye bei. Fungua mfuniko wa rejeta likiwa bado baridi: maji ya rangi ya waridi ni mazuri, maji yenye kutu yanakuambia mwenye gari amekuwa akijazia ya bomba. Kisha vuta mkanda wa siti ya dereva mpaka mwisho wake. Mkanda haudanganyi. Gari lililolala kwenye mafuriko huacha mstari wa tope sehemu ambayo waosha magari hawafiki, na Dar tunajua mafuriko.

Matairi nayasoma kwa mkono. Pitisha vidole upande wa ndani wa kila tairi, hasa ya nyuma. Mark X nyingi zilizoshushwa hula tairi upande wa ndani huku nje kukiwa kuzuri, na anayetazama akiwa amesimama haoni. Soma na namba nne za tarehe kwenye ubavu: 2319 ina maana wiki ya 23 ya mwaka 2019. Rimu za inchi 18 zinapendeza, lakini ubavu wa tairi lake ni mfupi na kila shimo linafika kiunoni. Kwa anayekaa Goba au Madale mimi nashauri rimu za 16, ambazo gari la kawaida lilikuja nazo. Gari linabaki zuri na mgongo unapona.

Barabarani

Chagua njia yenye vipande vitatu: kibaya, cha foleni, na cha mwendo. Muuzaji akitaka mzunguke mtaa wake tu wenye lami mpya, mwambie utaweka mafuta wewe.

Anza na kibaya, redio imezimwa, madirisha yakiwa nusu wazi. Nenda polepole kabisa juu ya rasta na mashimo madogo. Sikiliza magurudumu ya mbele. Sauti ya "gwa" unapokanyaga breki kidogo na kuachia ni bushi za mikono ya chini. "Kwakwakwa" ndogo kwenye vijiwe ni stablinki au boljointi, vile viungo vidogo vya magurudumu ya mbele. Kwenye tuta kubwa pita kwa mshazari kidogo, maana tumbo la gari hili liko sentimita 15 hivi tu kutoka ardhini na umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mrefu, milimita 2850. Ukisikia linagusa kwenye tuta ambalo magari mengine madogo yanapita, uliza kama springi zimekatwa.

Kwenye foleni gia boksi ndiyo ya kupimwa. Magari ya kuvuta nyuma yana gia sita, na zikiwa nzima hutazihisi zinavyobadilika kati ya mwendo wa 20 na 40. Mshtuko mdogo ukitoka P kwenda D, au mtikisiko kati ya gia ya pili na ya tatu ukikanyaga polepole, ni dalili ya mafuta ya gia yaliyochoka au yasiyo sahihi. Gari hili linataka Toyota WS. Gereji nyingi za mtaani zinaweka mafuta yoyote mekundu yaliyopo, na gia boksi inavumilia kwa muda kabla ya kuanza kulalamika. Ukisimama kwenye taa, acha gia kwenye D, kanyaga breki, tazama usukani: kama unatetemeka na mshale wa mizunguko ya injini unapanda na kushuka, rudi kwenye habari ya masizi, koili na mauntini (mipira inayoshikilia injini).

Halafu nenda kwenye kipande cha mwendo. Sisi wa Dar tumebahatika kuwa na njia nane kati ya Kimara na Kibaha, na asubuhi ya Jumapili pale panatosha. Mwendo ukiwa 80, achia usukani kwa nukta moja, mikono ikiwa karibu. Linatakiwa lishike njia. Kanyaga breki kwa kishindo cha wastani, baada ya kutazama nyuma: usukani ukitetemeka, disiki zimepinda, gari likivuta upande, kuna kaliper iliyokwama. Kisha kwenye 80 hiyo hiyo kanyaga mafuta mpaka theluthi mbili ya njia ya pedali. Gari lisilo na hitilafu hushusha gia mbili na kuondoka kwa mvuto mmoja mfululizo, na ile sauti ya V6 hupanda bila kelele. Likisita, likifikiri, halafu likaruka, kuna kazi ya kufanya. Ukifika 100 tulia. Mshale wa injini unakaa karibu na 2,000 na mnaweza kuongea bila kupaza sauti. Hapo ndipo unapojua kwa nini watu wanalipenda gari hili.

Na sauti kubwa isikudanganye. Mark X iliyotoka kiwandani ni ya kimya. Inayonguruma kama ya mashindano imetobolewa ekzosi, na mara nyingi masega yameshauzwa. Nguvu haijaongezeka, kilichoongezeka ni harufu ya petroli na taa ya injini.

Lililo zima linavyokuwa

Ukiwa hujawahi kuendesha gari la kuvuta nyuma, huna cha kulinganishia, kwa hiyo ngoja nieleze ninavyolihisi la kwangu kwenye mlima Kitonga. Ukipanda kutoka bonde la mibuyu, malori yanatambaa, na nafasi ya kupita ni fupi. Nasogeza gia kwenda S, pale unapochagua gia mwenyewe, nachagua ya tatu, nasubiri mpaka nione mbele. Nikikanyaga, msukumo unatoka mgongoni, usukani unabaki mwepesi na wa wazi kwa sababu magurudumu ya mbele yana kazi moja tu ya kugeuka. Kwenye kona bodi inalala kidogo sana halafu inatulia hapo hapo, haiyumbi mara ya pili. Kuyumba mara ya pili ni shokapu zilizokufa, na Kitonga si mahali pa kuligundua hilo. Kushuka natumia tena S, gia ya tatu au ya pili, injini inashikilia gari na breki zangu zinafika chini zikiwa baridi.

Mvua ikinyesha kwenye udongo mwekundu hali inabadilika. Nyuma hutaka kutangulia. Taa ya VSC itapepesa kwenye dashibodi, nawe usikanyage zaidi, punguza mguu na uelekeze usukani unakotaka kwenda. Wapo wanaonunua ya magurudumu manne kwa ajili hii. Inasaidia kwenye tope dogo, ila ni nzito zaidi, inakula zaidi, na haikunyanyuliwa kuwa gari la shamba. Iliundwa kwa ajili ya Wajapani wa mikoa ya theluji.

Kabla ya kulipa

Lipeleke kwa fundi unayemlipa wewe, mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na usikubali gereji iliyopendekezwa na dalali. Mwambie atazame pia kama makosa yamefutwa karibuni, na alikague gari likiwa juu: mafuta kwenye difu, mipira ya propela, alama za kulehemu kwenye chasisi. Kama gari limetoka Japani karibuni, omba karatasi ya mnada na ulinganishe kilomita zake na za dashibodi. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri. R maana yake limewahi kugongwa na kutengenezwa, na bei yake lazima iseme hivyo.

Orodhesha kila kilichopatikana, pitia maduka ya spea ya Ilala Gerezani uulize bei halisi ya kila kitu, kipya na kilichotumika, ujumlishe. Hiyo jumla ndiyo unayokwenda nayo kwa muuzaji, ikiwa imeandikwa. Mimi huwa sibishani kuhusu bei ya gari, naonyesha karatasi. Wengi hupunguza angalau nusu yake. Asiyetaka kupunguza chochote na hataki gari lipimwe, tunaagana vizuri, kwa sababu Mark X nyingine haikosekani.

Ukishalichukua, wiki ya kwanza badilisha oili ya injini na filta, plagi kama hazina rekodi, maji ya rejeta, na mafuta ya gia kama hayajulikani yaliwekwa lini. Jaza tangi mpaka pampu ikatike yenyewe, weka kilomita za safari kwenye sifuri, tembea kama unavyotembea kila siku, kisha jaza tena mpaka ikatike na ugawe kilomita kwa lita zilizoingia. Fanya hivyo kwa tangi tatu au nne mfululizo, ndipo utakapokuwa na namba ya gari lako mwenyewe.